Kompyuta ya Ofisini Inayochelewa Kuwaka: Tafuta Inachosubiri

Kompyuta niliyoitiwa safari hii ilikuwa ya mhasibu mmoja ambaye alikuwa ameshaizoea hali yake kiasi cha kuipangia ratiba. Akifika asubuhi alibonyeza kitufe cha kuwasha, akaenda kusaini daftari la mahudhurio, akapanga stakabadhi za jana yake, akarudi kuandika nenosiri, kisha akaondoka tena. Dakika saba zilipita kila siku kabla hajaweza kufungua faili la kwanza. Mafundi wawili walikuwa wamepita kabla yangu: wa kwanza alifuta faili za muda na kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka GB 4 hadi GB 8, na wa pili alifuta kila kitu na kupakia Windows upya. Katika kunisimulia hayo yote, mhasibu aligusia jambo moja ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko mengine, nalo ni kwamba baada ya Windows kupakiwa upya kompyuta ilikuwa nyepesi kwa siku nzima, na uzito ukarudi siku ile ile ilipounganishwa tena na mtandao wa ofisi.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi hii ni la kudhani kwamba kompyuta inayochelewa kuwaka imezidiwa na kazi. Kwa kompyuta iliyo peke yake nyumbani dhana hiyo mara nyingi huwa sahihi. Kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao wa ofisi ina mambo mengine, kwa sababu kila inapowaka huwa na milango kadhaa ya kubisha hodi kabla haijamfungulia mtumiaji: huomba anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao), huuliza iliko seva ya domeni (ile inayotunza akaunti za ofisi nzima), huthibitisha nenosiri, huchukua maelekezo ambayo msimamizi ameyaandika kwenye seva, huunganisha folda za pamoja, huzitafuta printa. Mlango mmoja usipoitikiwa, kompyuta husimama pale pale ikingoja, na aliyekaa mbele ya skrini huona kiduara kinazunguka tu, asijue kama kuna kazi inayofanyika au hakuna. Ndiyo maana RAM mpya haikumsaidia mhasibu kwa lolote, kwa kuwa kompyuta inayongoja jibu haiharakishwi na kumbukumbu ya ziada.

Kabla sijagusa kitu chochote hupima. Nilichukua simu yangu, nikafungua saa ya kuhesabu sekunde, nikaweka karatasi pembeni na kuugawa muda wote katika vipande vinne: kutoka kubonyeza kitufe hadi nembo ya Windows kuonekana; kutoka nembo hadi skrini ya kuandikia nenosiri; kutoka kubonyeza Enter baada ya nenosiri hadi eneokazi kutokea; na kutoka eneokazi kutokea hadi programu ya hesabu kufunguka bila kukwama. Nilipata sekunde 14, sekunde 70, sekunde 280 na sekunde 60. Jumla yake ni dakika 7 na sekunde 4, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikuwa katika kipande cha tatu.

Mgawanyo huo hautaki utaalamu wowote, lakini huondoa zaidi ya nusu ya dhana potofu papo hapo, kwa sababu kila kipande kina washukiwa wake. Kipande cha kwanza ni cha mashine yenyewe kabla Windows haijashika usukani. Muda ukipotea hapo, angalia kama kuna flashi au diski ya nje iliyosahauliwa nyuma ya kompyuta, kisha ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, uone mpangilio wa vifaa vya kuwashia, kwa maana kompyuta nyingi za ofisini huachwa zikiwa zimeagizwa kujaribu kuwaka kupitia mtandao kwanza, na zisipopata jibu huweza kungoja hadi dakika nzima ndipo zigeukie diski yao. Kipande cha pili ni cha draiva (programu zinazoendesha vifaa), huduma za Windows na maelekezo yanayoihusu kompyuta kama kompyuta. Cha tatu ni cha mtumiaji: utambulisho wake, wasifu wake (mipangilio na mafaili yake binafsi), folda zake, printa zake. Cha nne ni cha programu zinazojifungua zenyewe.

Kuna tahadhari moja katika upimaji ambayo imewapotosha wengi. Tangu Windows 8, mtu anapochagua kuzima kompyuta ya aina hii, Windows kwa kawaida haizimi kila kitu. Huhifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski na kuirejesha asubuhi, ili kuwaka kuonekane kwa haraka. Kinachoanza upya kwelikweli ni pale unapochagua kuwasha upya. Kwa hiyo ukipima leo baada ya kuzima na kesho baada ya kuwasha upya, unalinganisha vitu viwili tofauti, na hitilafu inayodumu wiki nzima ingawa mtumiaji anaapa kwamba huzima kompyuta kila jioni inaweza kuwa haijawahi kupata nafasi ya kuondoka. Vipimo vyangu vyote huvichukua baada ya kuwasha upya, mara mbili mfululizo, na nikiona vimetofautiana sana hupima mara ya tatu.

Baada ya hapo niliitazama taa ya diski. Naiomba kila ofisi isinunue makasha ya kompyuta yasiyo na taa hiyo, kwa sababu ni chombo cha uchunguzi kisichohitaji kufungua kitu. Katika kipande cha pili taa ilikuwa ikimetameta kwa sehemu kubwa ya muda, dalili ya diski inayofanya kazi. Mhasibu alipoandika nenosiri na kubonyeza Enter, taa ilimetameta kwa muda mfupi, kisha ikazimika. Skrini iliandika neno la kukaribisha, kiduara kikaendelea kuzunguka, na taa ikabaki kimya, ikitoa cheche moja tu kila baada ya kitambo. Feni nayo haikuongeza kasi. Kwa dakika nne na ushee kompyuta ile haikuwa na kazi yoyote ya maana iliyokuwa ikifanya.

Nikachomoa kebo ya mtandao na kuwasha upya. Windows huhifadhi kumbukumbu ya watumiaji waliowahi kuingia kwenye kompyuta hiyo, kumi wa mwisho isipokuwa msimamizi amebadilisha idadi, kwa hiyo mhasibu aliweza kuingia kwa nenosiri lake la kawaida bila seva kuwapo. Kipande cha tatu kilichukua sekunde 35. Kompyuta ile ile, diski ile ile, Windows ile ile, zikiwa zimetenganishwa na mtandao, zilifanya kwa sekunde 35 kile ambacho kwa kebo kilichukua sekunde 280. Jaribio hilo haligharimu chochote na huchukua dakika tatu, na ningependa lifanywe kabla ya mtu yeyote kuagiza kipuri au kupakia Windows upya. Likionyesha kwamba hakuna tofauti kati ya kuwa na kebo na kutokuwa nayo, basi rudi kwenye diski na programu kwa moyo mweupe.

Jaribio la pili lilikuwa la kumwomba mhasibu aingie kwa akaunti yake kwenye kompyuta ya mapokezi, ambayo mhudumu wake huingia kwa muda wa sekunde 40 hivi. Mhasibu aliingia mara ya kwanza ili wasifu wake utengenezwe, akatoka, akaingia tena, na mara hiyo ya pili ikachukua sekunde 170. Hapo nilijua kwamba nina matatizo yasiyopungua mawili: moja linamfuata mtu popote anapoingia, na jingine limebaki kwenye kompyuta yake. Wengi hulikwepa swali hili la kama ugonjwa ni wa mtu, wa mashine au wa ofisi nzima, na matokeo yake hutibu kimoja, huona nafuu ndogo, na hukata tamaa wakidhani hawajapata chanzo ilhali wamekipata kimoja kati ya viwili.

Nieleze kidogo jinsi kungoja huku kunavyofanyika, kwa sababu ukikuelewa utazisoma sekunde kwa jicho jingine. Programu inapoita seva kupitia mtandao, mambo matatu yanaweza kutokea. Seva inaweza kuitika, na kazi ikaendelea. Seva inaweza kuwapo lakini ikakataa, nalo ni jibu, hivyo programu husonga mbele mara moja. La tatu ndilo baya: anwani ipo kwenye orodha, lakini mahali pale hapana mtu, na wito unapotea katika ukimya. Kompyuta haina njia ya kujua kama seva imekufa au imechelewa tu kujibu, kwa hiyo hungoja kwa kipimo kilichowekwa na waliotengeneza mfumo. Windows, kwa mipangilio iliyozoeleka ya matoleo yake mengi, hutuma ombi na kungoja sekunde 3, hurudia na kungoja sekunde 6, hurudia tena na kungoja sekunde 12, ndipo ikubali kwamba hakuna jibu. Jumla ni sekunde 21. Vipo vipimo vingine vinavyojulikana: sekunde 30 za kungoja mtandao kwa ajili ya wasifu unaohifadhiwa kwenye seva, na sekunde 600, yaani dakika kumi kamili, ambazo Windows huvumilia skripti ya kuingilia (amri zinazojiendesha mtumiaji anapoingia) kabla ya kuikatiza. Kwa hiyo ucheleweshaji unaorudi kila siku ukiwa na urefu ule ule, hasa ukiwa 21 au 30 au mafungu yake, huwa nauhesabu kama ushahidi. Kazi halisi hutofautiana urefu kila siku. Saa ya kungojea haitofautiani.

Nilianza na tatizo lililobaki kwenye mashine. Kwenye dirisha la amri niliandika ipconfig /all, na katika mstari wa seva za DNS, zile zinazogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani, nikakuta anwani mbili: ya kwanza ikiwa ya seva ya ofisi, ya pili ikiwa 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya Google iliyo wazi kwa umma. Nimeikuta hali hii katika ofisi nyingi, na anayeiweka huwa na nia njema kabisa, kwamba seva ya ofisi ikilala, watu waendelee kupata intaneti. Madhara yake hayaonekani haraka. Kompyuta iliyoungwa kwenye domeni huitafuta seva yake kwa kuuliza DNS rekodi maalumu za aina ya SRV, na rekodi hizo zimo ndani ya DNS ya ofisi peke yake. Swali hilo likifika kwa 8.8.8.8, jibu huwa kwamba jina hilo halipo. Nalo ni jibu kamili, kwa hiyo Windows hailichukulii kama hitilafu ya kuifanya iulize kwingine. Huamini, kisha huanza kuhangaika kwa njia nyingine na kungoja. Tena seva ya kwanza ikichelewa kujibu mara moja tu, kwa mfano asubuhi wakati wote wanawasha kwa pamoja, Windows huhamia kwenye ya pili na huweza kukaa nayo kwa muda.

Niliiondoa anwani ya pili. Kwenye kompyuta zilizo ndani ya domeni mahali pale hupaswa kuwa na seva za DNS za domeni peke yake, mbili kama ofisi inazo, na kazi ya kuuliza majina ya nje hufanywa na seva hizo kwa niaba ya wote. Kisha niliandika nltest /dsgetdc: nikifuatisha jina la domeni, amri ya kuitafuta seva ya domeni, na jibu lililoorodhesha seva ya ofisi likarudi kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Kipande cha tatu kilishuka kutoka sekunde 280 hadi 185. Sekunde 95 zilikuwa zimekaa kwenye mstari mmoja wa mipangilio, na fundi aliyepakia Windows upya aliurudisha mstari huo huo kwa mkono wake, akifuata karatasi ya mipangilio aliyopewa.

Kwa yale yaliyobaki sikutaka kubahatisha, nikafungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha daftari la matukio yake. Naisikitikia programu hii jinsi inavyoogopwa kwa sababu ya wingi wa alama zake nyekundu, ilhali kwa tatizo la kuwaka polepole sehemu zinazohitajika ni chache. Ndani ya kumbukumbu za Diagnostics-Performance, tukio namba 100 huandika muda wote wa kuwaka kwa milisekunde, na matukio ya namba zinazofuata, kuanzia 101, hutaja programu, draiva au huduma iliyovuta muda kupita kawaida. Ndani ya kumbukumbu za GroupPolicy, ambako hutunzwa habari za maelekezo ya msimamizi, tukio namba 8001 husema maelekezo ya mtumiaji yamekamilika baada ya sekunde ngapi, na matukio namba 5016 huligawa jambo hilo kwa mafungu: folda zimechukua milisekunde ngapi, printa ngapi, skripti ngapi. Katika kumbukumbu za kawaida za programu, Winlogon, sehemu ya Windows inayosimamia kuingia, nayo huacha tukio namba 6005 inapoona jambo linakawia, na 6006 linapomalizika, likiwa na idadi ya sekunde.

Mstari niliokuwa nikiutafuta ulikuwa pale. Fungu la printa lilikuwa limekamilika baada ya milisekunde 126,000 na ushee. Hizo ni sekunde 126; niligawa kwa 21 kwenye karatasi yangu na nikapata 6 kamili. Printa tatu, kila moja imeitwa mara mbili, kila wito umekwisha kwa ukimya.

Hadithi yake ilijulikana baada ya kuuliza maswali mawili. Ofisi ilikuwa na seva ya zamani iliyogawa printa za idara ya uhasibu. Seva ilizimwa, printa zikahamishiwa kwenye seva mpya, na msimamizi akaandika maelekezo mapya ya kuziunganisha. Yale ya zamani hayakufutwa. Yaliwalenga watu wa kundi la uhasibu, ndiyo sababu ugonjwa ulimfuata mhasibu mpaka mapokezi huku mhudumu wa mapokezi akiwa salama. Na jina la seva ya zamani lilikuwa bado limeandikwa kwenye DNS, likielekeza kwenye anwani isiyo na mtu. Kama jina hilo lingekuwa limefutwa, kila wito ungejibiwa kwamba jina halipo na maelekezo ya zamani yangeshindwa kwa haraka bila mtu kuhisi. Kwa hiyo seva inapostaafishwa, jina lake lifutwe kwenye DNS siku hiyo hiyo. Nimesema haya kwa wasimamizi wengi na nitaendelea kuyasema, maana hakuna ucheleweshaji mkubwa kama wa jina lililobaki kwenye orodha baada ya mwenye jina kuondoka.

Tulipofuta maelekezo yale pamoja na jina, sekunde 185 zikawa 59. Amri ya net use ikanionyesha folda moja, herufi Z, ambayo mhasibu mwenyewe aliwahi kuiunganisha kwenye seva ile ile ya zamani na kuiwekea alama ya kujiunga upya kila anapoingia. Niliiondoa kwa net use Z: /delete, na sekunde 59 zikawa 38. Tofauti ya 21 ilinifurahisha, nakiri.

Sasa kipande cha pili, zile sekunde 70. Humo nilikuta tukio namba 5719 la Netlogon, huduma inayowasiliana na seva ya domeni, linalosema kompyuta haikuweza kuanzisha mawasiliano salama na seva ya domeni, likiwa limetokea mwanzoni kabisa mwa kila kuwaka na kisha hali kutengemaa. Hii ni dalili ya mtandao unaochelewa kuwa tayari, na mara nyingi chanzo chake kiko kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za ofisi. Swichi za ofisi huwa na utaratibu wa kujikinga na mzunguko usio na mwisho wa data, unaoitwa spanning tree. Katika umbo lake la asili, kebo inapopata uhai swichi husikiliza kwa sekunde 15, kisha hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo iruhusu data kupita. Utaratibu huo ni wa lazima kati ya swichi na swichi. Kwenye tundu lenye kompyuta moja ni sekunde 30 za bure, na kompyuta za siku hizi huwahi kufika mahali pa kuhitaji mtandao kabla hazijaisha. Dawa ni kuliweka tundu hilo katika hali ya ukingoni, ambayo kwenye swichi za Cisco huitwa PortFast. Msimamizi alifanya hivyo kwa matundu yote ya madawati, akayaacha yale ya kuunganishia swichi kama yalivyo, na kipande cha pili kikashuka hadi sekunde 40.

Nikiwa bado chini ya meza niliikagua na kebo yenyewe. Ilikuwa imepita chini ya gurudumu la kiti, na sehemu moja ilikuwa imebonyea hadi kuwa bapa. Windows ilionyesha kasi ya Mbps 100 ilhali kadi ya mtandao na swichi zote zinaweza Gbps 1. Ndani ya kebo mna jozi nne za nyaya. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, ile ya gigabiti hudai zote nne, kwa hiyo mojawapo ya zile jozi mbili za ziada ikikatika kompyuta haikatiki mtandao, hushuka daraja kimyakimya. Kwa mhasibu huyu haikuwa na uzito mkubwa wakati wa kuwaka, kwani wasifu wake unakaa kwenye kompyuta. Katika ofisi ambazo wasifu huhifadhiwa kwenye seva na kushushwa kila asubuhi, ni jambo kubwa sana. Mtu aliyejaza eneokazi lake video na picha hadi wasifu ukafika GB 2 hungoja kiasi cha sekunde 160 kwa kasi ya 100, hata kama mtandao hauna mtumiaji mwingine, mahali ambapo gigabiti ingemfikisha kwa sekunde 16 au zaidi kidogo. Tiba ya kudumu kwa watu wa namna hiyo ni kuzielekeza folda za nyaraka na eneokazi zikae kwenye seva moja kwa moja, pasipo kubebwa kwenda na kurudi. Kebo niliibadilisha na kuipitisha nyuma ya mguu wa meza.

Wenye matawi nje ya jengo kuu wana mtego wao wa ziada. Andika echo %LOGONSERVER% uone ni seva gani iliyompokea mtumiaji. Kama tawi lina seva yake na jina linalotokea ni la makao makuu, basi huenda safu ya anwani za IP za tawi haijaandikwa kwenye orodha ya maeneo ya domeni, na kompyuta, kwa kukosa kujua iko wapi, imechagua seva yoyote iliyoitika, na kila jambo la asubuhi linavuka laini nyembamba ya mbali. Marekebisho ni ya dakika mbili kwenye seva.

Huwa nawakumbusha pia wenzangu kwamba chanzo kinaweza kuwa kidogo kuliko mtu anavyotegemea. Windows 7 iliwahi kuwa na hitilafu iliyokiriwa na Microsoft yenyewe: mtumiaji aliyechagua rangi moja tupu kuwa mandhari ya eneokazi, badala ya picha, alibaki kwenye skrini ya kukaribisha kwa sekunde 30. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tatizo lilianza siku alipobadilisha picha ya skrini, msikilize. Hata leo picha ya nembo ya ofisi inayowekwa kwa maelekezo ya msimamizi, faili lake likiwa kwenye folda ya seva, inaweza kumcheleweshea kila mmoja kuingia seva hiyo inapolemewa.

Kipande cha nne kilikuwa chepesi. Kulikuwa na programu mbili za kuzuia virusi, kila moja ikikagua kila faili ambalo mwenzake amefungua, na nikaiacha ile ambayo ofisi ina leseni yake. Programu tano zisizohitajika asubuhi nilizizuia kujifungua kupitia Task Manager. Sekunde 60 zikawa 25.

Jumla mpya ilikuwa sekunde 14, 40, 38 na 25, yaani dakika 1 na sekunde 57. Nilipima mara mbili siku hiyo, na kesho yake asubuhi nilirudi kupima wakati wafanyakazi wote wanawasha kwa pamoja, kwa kuwa mtandao mtupu wa saa kumi jioni haufanani na mtandao wa saa mbili asubuhi. Tofauti ilikuwa sekunde nne. Wahasibu wenzake wanne, ambao kila mmoja alidhani kompyuta yake mwenyewe ndiyo imezeeka, walikuwa wamepata nafuu ya sekunde 126 bila mtu kuzigusa kompyuta zao.

Sasa taa ya diski inamulika karibu muda wote kuanzia nembo hadi programu ya hesabu kufunguka, maana yake dakika mbili zilizobaki ni za kazi halisi, na diski yenyewe ni ya kizamani, ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Hapa ndipo SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, inapostahili kununuliwa. Nilikagua kwanza hali ya diski iliyopo, nikatazama idadi ya sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu na zile zinazosubiri kuhamishwa, na pia kama kuna matukio namba 7 au 153 yanayoashiria diski inayoanza kufa. Hakukuwa na lolote, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana. Nakala ya mafaili ya mhasibu imeshawekwa kwenye seva, ombi la SSD liko mezani kwa mkuu wa idara, na karatasi yenye vipimo vinne nimeibandika ndani ya kasha la kompyuta ili fundi atakayekuja kuibadilisha diski ajue alipoikuta.